Keki ya Boga na Sikio la Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu,

Meneja wa mkahawa amesema leo asubuhi kwamba Jumamosi ya tarehe 22 ataweka keki ya kiwandani mezani kwake, mahali pa ile ya wifi yako, kwa majaribio, na wateja wakiipenda atatia sahihi mkataba wa mwaka mzima. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni kwetu, kalamu kaichomeka kwenye nywele, mbele ya wifi yako mwenyewe. Nilimwomba arudie karibu na sikio langu la kushoto. Akarudia. Kumbe nilikuwa nimesikia sawa.

Huko bwawani kwenu najua habari hazifiki, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. Ijumaa wifi yako alipanda kigoda kutafuta chombo cha keki juu ya kabati. Kigoda kikageuka. Mkono wa kulia umevunjika juu kidogo ya kiganja na umefungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Miwani ilitangulia kufika chini, naye akaikalia. Fundi miwani anasema vioo vya nguvu ile vinaagizwa, na huko vinakoagizwa hawana haraka. Kwa sasa wifi yako hana mkono wa kuandikia wala macho ya kusomea. Masikio yangu unajua yalikobaki: kwenye mashine za kuchanganyia zege. Ukituunganisha sisi wawili unapata mtu mmoja mwenye kasoro.

Nimemuuliza meneja kama hawezi kungoja. Akasema wateja wa Jumamosi wanaiulizia keki ya boga na chokoleti tangu saa mbili asubuhi, na hawezi kuwapa hadithi ya kigoda. Lakini si mtu mbaya. Amesema siku hiyo yeyote mwenye keki ya nyumbani ya boga na chokoleti anaweza kuiweka pembeni ya ile ya kiwandani, bila majina. Sahani itakayoisha kwanza ndiyo itakayobaki na meza ya Jumamosi.

Wifi yako hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: kama maneno "Keki ya Mama wa Nyumba ya Bluu" yatafutwa ubaoni. Meneja akasema itategemea sahani.

Nimesema nitaoka mimi. Wifi yako amecheka mpaka plasta ikamuuma.

Kaka yako,
Zege


Kambini, Alhamisi, 6 Machi

Kaka,

Barua yako imefika na lori la vyakula, chini ya gunia la vitunguu, nayo inanuka kama kachumbari. Mpe wifi pole yangu. Mwambie nimecheka pale kwenye miwani na naomba msamaha.

Simu bado hazishiki hapa. Hata zingeshika, kukupigia wewe ni sawa na kupigia kisima. Tuendelee na karatasi. Lori linatoka mjini kila Jumatatu, linafika hapa Jumanne, na linarudi Alhamisi, kwa hiyo usiniandikie hotuba. Niandikie mambo yenyewe.

Mimi sina msaada jikoni. Kitu pekee nilichowahi kutuhumiwa kupika ni habari, na kesi ile nilishinda. Lakini mpishi wa kambi hii, anayelisha wajenzi wa bwawa uji na maharage, aliwahi kufanya kazi kwenye meli ya abiria, upande wa keki. Nimemwomba mahojiano. Amesema atazungumza akimaliza kuosha masufuria, na masufuria yake ni makubwa kuliko chumba changu.

Nataka kujua: vipimo unavipata wapi, ikiwa wifi hawezi kuandika na wewe huwezi kusikia?

Mdogo wako,
Mwandishi


Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Jumamosi nimeoka. Haikuwa mbaya.

Vipimo napewa kwa kelele. Wifi yako anakaa kwenye kiti mlangoni mwa jikoni, mkono kifuani kama anaapa mahakamani, anafungua mdomo. "Biskuti! Ziponde!" Nikaponda. "Siagi!" Nikauliza siagi gani. "Iliyoyeyuka, baba, hiyo uliyoshika ni tofali!" Kila kitu namwuliza mara mbili ili nisikosee, naye kila kitu anakirudia kwa sauti ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Jibini laini kiasi gani, mayai mangapi, sukari, mdalasini, kungumanga ya kukwaruza kidogo tu, chokoleti iyeyushwe kwenye bakuli juu ya maji ya moto, kisha imiminwe juu na kuchorwa mistari kwa ncha ya kisu.

Boga nililichemsha, nikaliponda, nikalikamua kwenye kitambaa mpaka likaacha kudondosha. Hapo sikuhitaji kuelekezwa. Maji yakizidi kwenye mchanganyiko, najua yanachofanya.

Kabla ya kuwasha nilipima oveni kwa pima maji. Imelalia kushoto. Nikaingiza kipande cha kigae chini ya mguu ikakaa sawa. Wifi yako akasema miaka yote hii amekuwa akizigeuza keki katikati ya kuoka, akidhani moto wa oveni una upendeleo. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia.

Nilipokuwa namimina mchanganyiko, ikaja sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: "Shemeji, chumvi! Hujatia chumvi!" Ni jirani yetu mshonaji. Meza yake ya cherehani imeegemea ukuta ule, na sauti yake imezoea kushindana na cherehani, hata mimi naipata. Nilitia chumvi, nikamshukuru. Wifi yako hakumshukuru.

Mwisho kulikuwa na tofauti ndogo ya maoni, ikaisha.

Kaka yako,
Zege


Kambini, Alhamisi, 13 Machi

Kaka,

"Haikuwa mbaya" si taarifa. Nimekaa kwenye chumba cha habari muda wa kutosha kujua kwamba mtu akisema hivyo kuna kitu amekifunika kwa turubai. Nani aliila? Sehemu gani ilibaki? Na "tofauti ndogo ya maoni" ilikuwa kati ya nani na nani, kuhusu nini, na nani alishinda? Jibu kama unayeulizwa na mkaguzi wa majengo.

Kuhusu jirani: ikiwa amesikia kwamba hukutia chumvi, basi amesikia na vile ulivyotia. Fikiria hilo.

Mpishi nimempata. Anasema jibini litolewe kwenye friji mapema, lisikutane na mayai likiwa baridi. Usikoroge kwa nguvu. Nilimweleza kazi yako ya zamani, akashika kichwa. Anasema wewe utaingiza hewa, na hewa itapanda, na ikipanda itapasua. Ukishamimina, gonga chombo mezani taratibu ili mapovu yatoke. Kizungushie foili, kikae ndani ya sinia lenye maji ya moto ili joto lisikishambulie pembeni. Mlango wa oveni usifunguliwe mpaka mwishoni. Ikishaiva, zima moto, acha mlango wazi kidogo, umeshikiliwa na mwiko, keki ipoe humo humo. Kisha friji mpaka kesho yake.

Nilimwuliza utajuaje kama imeiva. Akanyanyua bakuli la uji uliopoa, akalitikisa mbele yangu mara moja, akaliweka chini. Nikamwuliza tena. Akasema ameshanijibu. Dereva anapiga honi, nitamrudia.

Mdogo wako,
Mwandishi


Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu,

Umeuliza kama mkaguzi, nakujibu kama mjenzi aliyekamatwa.

Keki ya kwanza haikuliwa. Ilipasuka katikati kama kiwanja cha mpira wakati wa kiangazi. Ndani ilikuwa kavu. Kuku wa jirani wa pili waliitazama wakaondoka.

Tofauti ya maoni ilikuwa hivi. Wifi yako alisema, "Toa!" Nikafungua, nikagusa chombo, keki bado inatikisika katikati. Nikamwambia, "Mama, hii mbichi." Akasema, "Nimesema toa!" Mshonaji naye akadakia kupitia ukuta: "Shemeji yuko sahihi! Kama inacheza ni mbichi hiyo, iache!" Watu wawili kwa mmoja, tena huyo mmoja hana miwani. Niliiacha mpaka ikawa imara kote. Mimi nimejenga tangu ujana. Sijawahi kumkabidhi mtu kitu kinachotikisika.

Keki ya pili nimeoka juzi, kwa maelekezo ya mpishi wako. Sikukoroga kwa nguvu. Niligonga chombo mezani, kama tunavyogonga boksi la nguzo ili zege lishuke, mapovu yakatoka mpaka nikafurahi. Sinia la maji, foili, mwiko, vyote. Ufa umepungua. Sasa ni mmoja, kutoka katikati mpaka ukingoni. Ungekuwa ukuta wangu ningeubomoa kabla mwenye nyumba hajauona. Ladha ipo, lakini ukitafuna unatafuta maji ya kunywa.

Jambo lenyewe ninaloandikia ni hili. Wifi yako hapigi kelele tena. Tangu siku ile ya chumvi amenyamaza jikoni. Ananionyesha vitu kwa kidole. Na juzi, keki ikiwa karibu kuiva, alisimama nyuma yangu akanishika mkono hapa chini ya kiwiko kwa mkono wake mzima. Ulikuwa unatetemeka. Nikamgeukia, akatazama pembeni. Akanishika tena, ukatetemeka tena. Nikamkalisha kwenye kiti na kumpa maji. Alikataa maji na akanitazama vibaya sana.

Leo asubuhi nimempeleka zahanati, nikasingizia tunakwenda kukagua plasta. Daktari amemgusa vidole, hakuona joto wala uvimbe. Alipomwambia anyooshe mkono wa kushoto, ulitulia kama ubao. Nadhani alijikaza mbele ya mgeni. Jikoni ndiko unakotetemeka. Mtu ukimwona anapoteza meza yake, na mkono wake, na anakaa kimya, unajua mwili umechoka.

Sijamwambia ninachofikiri. Nimemwambia nimechoshwa na maboga. Ijumaa asubuhi nitakwenda kwa meneja nimwambie aendelee na watu wa kiwanda. Afadhali ubao ufutwe kuliko mke wangu amalizike akinisimamia mimi.

Mshonaji yeye ameshaomba nafasi mezani. Ameniambia mwenyewe, bila aibu: "Shemeji, si umenifundisha?" Na ni kweli. Mimi ndiye niliyeuliza kila kitu mara mbili.

Kaka yako,
Zege


Kambini, Jumanne, 18 Machi

Kaka,

Usiende kwa meneja. Wifi haumwi mkono wa kushoto. Chanzo cha habari hii ni wewe.

Barua hii inakuja na gari la mhandisi, kwa sababu lori haliondoki hapa mpaka keshokutwa. Nimemwahidi mhandisi kwamba kwenye makala yangu nitaandika cheo chake kizima.

Soma ulichoandika mwenyewe. Mkono wake ulitulia mbele ya daktari. Unatetemeka jikoni tu, tena keki ikikaribia kuiva tu, tena ukiwa umekushika wewe tu. Ugonjwa gani una adabu ya namna hiyo? Na alinyamaza lini? Siku jirani alipojibu kupitia ukuta. Hakuishiwa nguvu. Aligundua kwamba anamfundisha mtu asiyemwalika.

Sasa jiweke pale alipokaa. Hawezi kuandika. Hawezi kusoma. Akisema, anayesikia ni mshonaji, na mumewe hasikii. Na hata aliposikia "toa" mara mbili, alibisha. Kimembakia nini cha kukuambia? Mkono wako.

Nimemrudia mpishi leo, sufuria zikiwa bado chafu. Nilimsomea barua yako mpaka pale kwenye ufa wa pili. Alicheka, kisha akakasirika kwa niaba ya wifi. Maneno yake haya hapa, nimeyaandika yakitoka mdomoni: "Ikishakuwa imara kote, umechelewa. Kingo zishike. Katikati, upana wa kiganja, pacheze kama uji uliopoa. Ukiitoa motoni hapo, itajimalizia yenyewe ikipoa. Ukingoja itulie, itatulia, kisha itapasuka." Nikamwuliza icheze kiasi gani. Akanishika mkono, chini ya kiwiko, akautikisa. Naapa kwa kalamu yangu. Nilikuwa sijamwambia bado wifi alikushika wapi.

Wapishi hawana kipimo kingine cha kitu hicho. Hakipigiwi kelele. Ndiyo maana mshonaji hana.

Najua kwa nini hukuelewa. Hujawahi kumkabidhi mtu kitu kinachotikisika. Basi Ijumaa unaanza.

Akikushika, usimtazame usoni. Tazama keki.

Mdogo wako,
Mwandishi


Jumamosi, 22 Machi, alasiri

Mdogo wangu,

Sahani yetu imeisha kwanza. Meneja ametamka hivyo mbele ya mkahawa mzima, akaigeuza juu chini ili wote waone. Haikudondoka hata chembe.

Sasa nirudi jana.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Sikumwambia wifi yako kitu. Nilikwenda alipokuwa amekaa, nikamshika mkono wake mzima chini ya kiwiko, nikautikisa kidogo. Kisha akaniita mpumbavu. Hilo nililisoma midomoni bila shida.

Jana tulioka bila neno. Kidole chake kinaonyesha, kichwa changu kinaitikia. Mshonaji alihangaika. Cherehani ilisimama, ikaja sauti: "Shemeji! Leo hamuoki?" Nikamjibu, "Tumepumzika!" Wifi yako akaziba mdomo kwa plasta.

Wakati ulipofika akasimama nyuma yangu, akanishika. Nikafungua mlango, nikasukuma sinia kwa kidole. Keki ikacheza yote, kama maji ndani ya ndoo. Mkononi kwangu yeye alicheza kidogo tu. Nikafunga mlango. Baadaye nikafungua tena. Kingo zilikuwa zimeshika, lakini katikati palikuwa pana bado, na mkono wake ukasema padogo zaidi. Nikafunga. Mara ya tatu nilisukuma sinia na vikalingana. Keki na mkono wake vilitikisika sawasawa, kama vitu viwili vilivyofungwa kwenye waya mmoja.

Mdogo wangu, kila mfupa wangu ulisema mbichi. Nikazima moto.

Nikaweka mwiko mlangoni. Nilipokuwa naosha vyombo ndipo akili ikanifikia. Zege nalo huliachi likauke kwa pupa. Unalifunika magunia mabichi, unalinyeshea, linakomaa polepole lenyewe. Sijui kwa nini nilidhani jibini lina moyo mgumu kuliko saruji.

Leo asubuhi nilipoufungua ubavu wa chombo, uso wa keki ulikuwa mzima. Rangi ya boga, mistari ya chokoleti, hakuna ufa. Niliweka pima maji juu yake. Kiputo cha kipimo kilikaa katikati.

Mkahawani meneja alipanga sahani tatu bila majina. Ya kiwandani ilikuwa laini kama kigae cha bafuni, na ililetwa na kijana wa mauzo mwenye tai. Ya mshonaji ilikuwa imemwagiwa chokoleti juu, nene, kama plasta ya mtu anayeficha ukuta. Mimi kazi hiyo naijua. Chini yake kulikuwa na ufa. Ya tatu yetu.

Watu wakaanza kuchukua vipande. Mzee mmoja mwenye gazeti alionja ya kiwandani akarudi kwenye gazeti. Muuguzi mmoja aliyetoka zamu alionja yetu, akasimama, akamwita meneja. Wifi yako ndiye aliyenisimulia alichosema: "Ya Mama imerudi?"

"Hatusemi ni ya nani," meneja akajibu.

"Wewe usiseme. Mimi ulimi wangu hauhitaji ubao. Niongezee hapa."

Baada ya hapo hapakuwa na mashindano. Walikuwa wanakuja na visahani vyao moja kwa moja hadi pembe yetu ya meza. Kijana wa tai naye alikuja, akaonja, akauliza tunatumia kifaa gani. Wifi yako akanionyesha mimi kwa kidole. Kijana akaonja tena. Kisha akarudi mara ya tatu, akidhani hatumwoni, akiwa ameiweka tai begani isichafuke.

Ya mshonaji ililiwa nusu. Ladha ilikuwa ileile, naapa, kila kitu kimo mpaka chumvi. Lakini walioichukua walikuwa wanaomba maji. Alinijia amekunja mikono, nikampa sikio la kushoto.

"Shemeji, nilisikia kila kitu! Kila kitu! Nilikosa nini?"

"Hata mimi sijui," nikamwambia. "Mimi sikusikia chochote."

Kaka yako,
Zege


Jumapili, 23 Machi

Wifi,

Miwani imefika jana jioni, vita vikiwa vimekwisha. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usicheke. Herufi zikianguka ziinue mwenyewe. Kaka yako amenisomea barua zako zote na kunisimulia zake, kwa sauti kubwa hata sasa mtaa mzima unajua kwamba mimi nilikalia miwani. Asante sana.

Kuna mambo hakukuandikia, na wewe unajifanya mtu wa ukweli, basi pokea.

Hakukuandikia kwamba sahani ilipoisha aliichukua mikononi mwa meneja na kuipitisha meza kwa meza, akiwaonyesha watu ilivyo tupu, wakiwemo waliokuwa wamekunywa chai tu. Hakukuandikia kwamba aliingia mkahawani na pima maji mfukoni, akapima meza yao, akamwambia meneja imelala na atakuja kuitengeneza. Meneja akasema meza hiyo ipo hivyo tangu afike. Kaka yako akasema, "Ndiyo maana." Ndiyo maana nini, hakuna anayejua hadi leo.

Na hakukuandikia kuhusu zahanati kwa usahihi. Mimi nilijua hatuendi kukagua plasta. Mtu anayekwenda kukagua plasta hamshiki mkewe kiwiko cha mkono mzima njia nzima kama anavusha yai. Nilikasirika, nikadhani ananiona nimeshakuwa mgonjwa wa kulelewa. Nilikuwa nimeshamwonyesha mara mbili na ananipa maji ya kunywa! Usiku ule nilimwambia ukuta kwamba nimeolewa na nguzo. Kumbe nguzo ilikuwa inaogopa. Ungeniambia mapema, wifi. Lakini najua lori lenu lilivyo.

Swali la mshonaji nimelijibu mimi. Alikuja leo na kitenge mkononi, ameshanishonea aproni ya upande wa kushoto, mfuko upande wa mkono mzima. Kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Akakaa. Akasema, "Mama, niambie basi. Ni nini?" Nikamwambia sikio lake ni zuri mno, ndilo lililomponza: alisikia mambo mawili, "toa" na "mbichi", akaamini la mume wangu. Akacheka hadi akashika ukuta. Zaidi ya hapo sijamwambia. Aproni nimevaa.

Ubao umeandikwa upya jana, mimi nikisimama pale. Meneja alianza kuandika "Keki ya Mama", nikamwambia afute neno la mwisho. Aliniuliza kama nina hakika, maana ndilo nililokuwa nalililia. Nikamwambia nina hakika. Sasa ni "Keki ya Nyumba ya Bluu", kwa chaki nyeupe, na ameweka mstari chini. Zege alisimama akilitazama mpaka mhudumu akamwomba apishe mlango.

Plasta ikikatwa, asidhani anarudi kukaa barazani. Ameshaambiwa. Anasema hakusikia. Nimemtikisa mkono.

Meneja anataka na Jumatano pia, kuanzia wiki hii. Keki ya kwanza inapokelewa tarehe 26, saa nne asubuhi, mlango wa nyuma. Oveni inawashwa Jumanne saa nane mchana.

Wifi yako,
wa Nyumba ya Bluu